Kinga na Kinga

Nilitumwa na serikali kuhesabu hekta.
Saa tano barabarani kutoka Sydney, kishikwambi mapajani,
hadi Kongorra, ambako kituo cha zimamoto
ni banda la bati walimokuwa wakikatia kondoo manyoya.
Mvua ikinyesha, bado linanuka kondoo,
alisema Noelene Pascoe,
ijapokuwa sura ya mvua ameisahau.

Hapana mwenye mshahara pale.
Kapteni ni Merv Tolhurst, fundi wa matrekta,
miaka sabini na mmoja, goti moja la chuma.
Noelene ana redio na daftari.
Lachlan Duthie anauza chakula cha ng'ombe;
king'ora kikilia hufunga duka
na kuning'iniza kibao: NIMEKWENDA MOTONI.
Mchungaji ameshamlalamikia mara mbili.
Gari lao limemzidi Lachlan umri.
Tangi, lita elfu tatu. Pampu huwaka kwa teke.

Nikafungua jedwali.
Lengo la mwaka, hekta mia nane.
Zilizochomwa, mia nane na kumi na mbili.
Nikatia alama ya kijani,
nikasema, hongereni.

Merv hakuitikia. Alichukua kofia,
akachechemea mbele yangu hadi nyuma ya shule,
kwenye mteremko wa mikaratusi
ambayo magome yake yananing'inia, marefu, makavu,
tambi zinazongoja kiberiti.
Akatoa mfukoni rula ya mtoto,
akaichomeka katika majani yaliyokufa.
Ikazama.
Ikazama hadi kumi na nane.

"Hapa ni hekta nne," akasema.
"Mwaka wa sita huu tunaomba kibali."

Kibali kina sahihi tatu.
Misitu inawasubiri Mazingira,
Mazingira inaisubiri Halmashauri,
Halmashauri inamsubiri mtu wa bima,
na zile siku mbili tatu za mwaka
ambazo upepo una adabu na umande una kiasi
hupita Jumanne, wakubwa wakiwa kikaoni.

"Na zile mia nane?"

"Nyasi. Kule nyandani, hakuna hata banda la kuku.
Asubuhi mbili tu, tukamaliza, tukachoma na soseji.
Mlitaka hekta, Bi Mkaguzi.
Tukawapa hekta."

Kengele ya shule ikalia.
Nilisimama na kijani changu mkononi
kama aliyekuja harusini
akaikuta nyumba ina msiba.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
sawa; lakini watu hawa wanajua
kwamba kinga kwa kinga, taratibu, kuteremka mlima,
mwali usiovuka goti,
mwanamke na redio, mzee na ndoo,
ndipo moto mwingine, ule mkubwa,
hufika ukakosa cha kula.
Jedwali langu halikuwa na safu ya kukosa.

Usiku, katika nyumba ya wageni, niliandika.
Kisanduku cha "Mengineyo" kinapokea herufi mia mbili.
Niliifuta mikaratusi, nikalifuta goti la Merv,
nikabakiza shule, mteremko, sentimita.
Jibu la mkuu wangu lilikuja asubuhi:
*Hekta nne ni nusu ya asilimia moja.
Tafadhali tusikuze mambo.*

Nilikuza. Nilipiga simu, nikabisha milango,
nikakalia viti ambavyo havikuwa vyangu.
Kibali kilitoka Juni, sahihi zote tatu,
siku moja na mvua.

Noelene alinisomea daftari kwa simu:
*Saa nne na dakika kumi, tumejaribu.
Saa tano, tumejaribu tena.
Moshi tu. Tumerudi.*
Kisha akasema, kama anayetaja bei ya mayai,
kwamba rula bado imesimama palepale,
na watoto, wakati wa mapumziko,
huupanda mteremko kwenda kuisoma
na kurudi wakikimbia kumwambia mwalimu.

Jana ilikuwa kumi na tisa.